Samaki Chini, Mboga Juu

Wauzaji wa vifaa vya akwaponiki wana hadithi wanayoipenda sana. Husema kwamba ufugaji huu wa samaki na mboga katika maji yale yale ulianza kwa Waazteki wa Mexico, waliolima juu ya visiwa vya matope ziwani, na kwa Wachina waliofuga samaki ndani ya majaruba ya mpunga. Nusu ya hadithi hiyo ni kweli. Wachina wamefuga samaki mpungani kwa karne nyingi. Wakulima wa Qingtian katika jimbo la Zhejiang wanaendelea hadi leo, na mwaka 2005 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, iliuingiza mfumo wao wa mpunga na samaki katika orodha ya urithi wa kilimo duniani. Lakini jaruba lina udongo, na udongo ndio unaofanya kazi. Visiwa vya Waazteki navyo vilirutubishwa kwa tope la ziwa na majani yaliyooza, si kwa samaki wa kufugwa. Mtu anayeweka tangi uani kwake, akafunga pampu na kujenga kitalu cha kokoto kisicho na chembe ya udongo, anafanya jambo jingine, tena la juzi juzi. Halijatimiza miaka 60. Lilitokana na kero inayomsumbua kila mfugaji wa samaki, nayo ni maji kuchafuka.

Kero yenyewe haionekani kwa macho. Samaki akishakula, sehemu kubwa ya uchafu wake haitoki kwa njia ya choo. Hutoka mashavuni kama amonia, pumzi kwa pumzi, na kuyeyuka majini bila kubadili rangi ya maji. Bwawa likiwa kubwa na samaki wakiwa wachache, amonia hupotelea humo. Tangi likiwa dogo na samaki wengi, huwaua. Kwa hiyo mfugaji wa tangi ana njia mbili tu: kumwaga maji kila mara na kuweka mengine, au kutafuta atakayeila ile amonia.

Mmoja wa watu wa mwanzo kujaribu njia ya pili kwa utaratibu wa kisayansi alikuwa mkemia wa London, Robert Warington. Mwaka 1850 aliwaeleza wanakemia wenzake jinsi alivyoweka samaki wawili wadogo wa dhahabu na mmea wa majini katika chombo kimoja, akitaka mmea uwape samaki oksijeni na samaki waulishe mmea. Majani yalipozeeka yalioza na maji yakachafuka. Akaongeza konokono wa kula yale mabovu, na chombo kikatulia. London ilishikwa na wazimu wa matangi ya vioo, na mwaka 1853 bustani ya wanyama ya jiji hilo ikafungua nyumba ya samaki kwa umma. Ila Warington aliwahesabu viumbe watatu tu. Wa nne, wasioonekana, hakuwajua, na bila wao hesabu yake isingetimia.

Hao waligunduliwa kwenye maji taka. Mwaka 1877, Jean-Jacques Théophile Schloesing na Achille Müntz wa Ufaransa walijaza mchanga na chokaa ndani ya bomba refu, kisha wakapitisha maji taka polepole kutoka juu. Kwa siku 20 hivi hakuna kilichobadilika: amonia iliingia na amonia ikatoka. Kisha, bila wao kugusa kitu, yakaanza kutoka maji yenye nitrati, ambayo ni mbolea. Kama ungekuwa mmenyuko wa kemia mtupu, kwa nini usubiri siku zote hizo? Wakapitisha mvuke wa klorofomu, dawa ya kuwatia usingizi viumbe hai, na nitrati ikakoma. Wakamwagia maji ya kusuuzia udongo, nitrati ikarudi. Ndani ya mchanga mlikuwa na kitu chenye uhai.

Nafikiri jaribio hilo ndilo hasa lililozaa kilimo hiki, ingawa mabwana wale hawakuwa na samaki wala saladi. Kila mtu anayejenga tangi leo hulirudia bila kujua. Huweka maji, huweka kokoto, husubiri wiki baada ya wiki huku kipimo kikionyesha amonia ile ile, kisha siku moja amonia huanguka. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi Zürich, alifanikiwa kuwatenga bakteria wenyewe na kuonyesha kuwa kazi hufanyika kwa mikono miwili: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu kwa samaki, na kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. Maelezo hayo yalidumu zaidi ya karne moja. Mwaka 2015 watafiti wa Ulaya walitangaza wamepata bakteria anayezifanya kazi zote mbili peke yake, na moja ya sampuli zao ilitoka katika kichujio cha mfumo wa kufugia samaki.

Upande wa samaki, hadithi inapita kwetu. Samaki anayependwa kuliko wote katika matangi haya ni wa ukoo wa perege na sato, ukoo wa Afrika na Mashariki ya Kati. Huvumilia maji mazito, hula karibu kila kitu, na hukua haraka maji yakiwa na joto la nyuzi 27 hadi 30. Ana kasoro moja kubwa: anazaa mno. Jike huatamia mayai mdomoni na huanza kuzaa angali mdogo, bwawa likajaa vidagaa visivyofaa hata kukaangwa. Mto Wami, Tanzania, una perege wake wa asili. Perege hao walipelekwa Zanzibar, na kutoka Zanzibar wakasafirishwa hadi Malacca, Malaya, kwenye kituo cha utafiti alichokuwa akifanyia kazi Mwingereza C. F. Hickling. Huko dume wa Zanzibar alipandishwa kwa jike wa perege wa Msumbiji, na watoto wakatoka madume watupu. Hickling alitangaza matokeo hayo mwaka 1960. Wasomi walikuwa bado hawajampa samaki wa Wami jina lake la kisayansi. Jina lilikuja mwaka 1966, kutoka kwa Ethelwynn Trewavas wa jumba la makumbusho la London. Wafugaji walikuwa wameshamtumia zamani. Damu yake inaendelea hadi leo katika perege wekundu waliozalishwa Florida, ambao ni uzao wa mchanganyiko huo huo.

Mambo hayo mawili, mchanga wenye bakteria na samaki asiyekufa ovyo, yalikutana katika miaka ya 1970. Wanasayansi waliokuwa wakifuga samaki ndani ya majengo walichoka kumwaga maji. Mwaka 1977 Ludwig Naegel wa Ujerumani alichapisha matokeo ya kuwafuga perege na samaki wa Ulaya aina ya karpu katika maji yanayozunguka, akilisha nyanya na saladi kwa maji hayo. Mwaka uliofuata William Lewis na wenzake wa chuo kikuu cha Southern Illinois waliandika juu ya kambare na nyanya. Kwa wote hao mboga ilikuwa kichujio tu. Kama nyanya zilizaa, hiyo ilikuwa faida ya ziada.

Walioitazama kwa jicho la jikoni ni kundi la vijana wa Cape Cod, Massachusetts. Mwaka 1969 John Todd, mkewe Nancy Jack Todd, na William McLarney walianzisha New Alchemy Institute, wakiamini familia ya kawaida inaweza kujilisha bila kutegemea mafuta na viwanda. Wakati huo walionekana waota ndoto. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipopanda ghafla, watu wakaanza kuwasikiliza. McLarney alifanya jaribio rahisi kuliko yote katika historia hii: alimwagilia mboga kwa maji ya bwawa la samaki, na kando yake akamwagilia nyingine kwa maji ya kawaida, akalinganisha. Wenzake walisimamisha mapipa makubwa ya faibaglasi yanayopitisha mwanga, yenye upana na urefu wa karibu mita 1.5 kila moja, wakayajaza maji, mwani na perege. Mchana mapipa hayo yalinyonya joto la jua. Usiku wa baridi kali yaliachia joto ndani ya kitalu nyumba. Mwaka 1976 walijenga nyumba waliyoiita Ark, yaani Safina, na nyingine kama hiyo katika kisiwa cha Prince Edward, Kanada, ikafunguliwa na waziri mkuu Pierre Trudeau mwenyewe. Baadaye mmoja wao, Ronald Zweig, aliifanya saladi ielee juu ya pipa la samaki, mizizi ikining'inia majini. Taasisi ilifunga milango mwaka 1991. Haikuacha kampuni wala utajiri, iliacha machapisho, na machapisho hayo yalisomwa mbali.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya hesabu. Ikiwa nina samaki wa kiasi hiki, nipande mboga kiasi gani? Jibu lilitoka Karibi, katika kisiwa cha St. Croix, ambako maji baridi ni adimu na watu huvuna mvua kutoka mapaani. Katika chuo kikuu cha Virgin Islands, Barnaby Watten na Robert Busch walishachapisha mwaka 1984 habari za perege na nyanya katika mfumo mdogo. James Rakocy, aliyefika huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikaa na tatizo hilo kwa karibu miaka 30.

Mfumo wake ulivyokamilika ulikuwa na matangi 4 ya samaki, kila moja lita 7,800. Maji yalitoka hapo yakaingia katika matangi yenye chini iliyochongoka kama faneli, mavi ya samaki yakatua chini na kutolewa. Yakapita katika matangi yaliyojaa nyavu, zikanasa chembe ndogo zilizobaki. Kisha yakaingia katika mifereji 6 ya urefu wa mita 30, ambamo vipande vya povu jeupe vilielea vikiwa na matundu, na katika kila tundu mche wa saladi, rehani au bamia. Maji yalipandishwa na pampu mara moja tu katika mzunguko mzima. Kwingine kote yalishuka yenyewe. Samaki walikaa wiki 24 hadi kuvuliwa, lakini kwa kuwa matangi yalipishana umri, kila baada ya wiki 6 tangi moja lilikuwa tayari. Mfumo huo ulikadiriwa kutoa tani 4 hadi 5 za perege kwa mwaka.

Rakocy aligundua kwamba kupima idadi ya samaki ni kupoteza muda, kwa sababu kifaranga na samaki mzima hawachafui sawa. Akapima chakula. Kila mita moja ya mraba ya mboga, kwa mfumo wake, ilihitaji samaki wanaokula gramu 60 hadi 100 kwa siku. Chakula kikizidi, maji huharibika. Kikipungua, mboga hupauka. Kingine alichokionyesha ndicho ambacho matangazo ya biashara hayakisemi: mavi ya samaki hayatoshi. Chakula cha samaki kimetengenezwa kwa ajili ya samaki, hivyo kina upungufu wa madini matatu ambayo mmea unayataka, yaani potasiamu, kalsiamu na chuma. Bakteria nao huongeza asidi majini kadiri wanavyofanya kazi. Rakocy alitibu maradhi yote mawili kwa dawa moja: aliongeza hidroksidi ya kalsiamu na ya potasiamu kwa kupokezana, akarudisha maji karibu na pH 7, na chuma akakiongeza kila baada ya wiki 3. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba katika akwaponiki huongezi kitu chochote, jua unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Mfumo wa St. Croix ulikuwa wa shamba, si wa uani. Walioiteremsha akwaponiki hadi uani hawakuwa maprofesa. Katikati ya miaka ya 1980, Mark McMurtry na Doug Sanders wa chuo kikuu cha jimbo la North Carolina walikuwa wamemwaga maji ya perege juu ya matuta ya mchanga yenye nyanya na matango, yakachujika na kurudi kwa samaki. Mchanga ulikuwa kichujio, nyumba ya bakteria na shamba, vyote kwa pamoja. Ulikuwa mpango mzuri, ila mchanga huziba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mume na mke wakulima wa Missouri, Tom na Paula Speraneo, walianza na tangi la takriban lita 1,900 katika kitalu nyumba kilichoegeshwa kwenye nyumba yao. Waliondoa mchanga wakaweka kokoto ndogo, wakawa wanajaza kitalu maji na kukikausha, wakakijaza tena. Mfumo ukafanya kazi. Wakaandika maelezo yake hatua kwa hatua na kuwauzia waliotaka kuiga, na shule nyingi za Marekani zikajenga mifano yake. Ukikutana leo na tangi la uani lenye kitalu cha kokoto juu yake, iwe Arusha au Adelaide, kuna uwezekano mkubwa ukoo wake unarudi kwa wale wawili.

Kifaa kilichoupendezesha mfumo huo kwa watu wa kawaida ni sifoni ya kengele, nayo inastahili kuangaliwa kwa karibu. Katikati ya kitalu husimamishwa bomba jembamba, kimo chake kikiwa chini kidogo ya uso wa kokoto. Juu yake hufunikwa bomba pana lililozibwa juu, lenye matundu chini. Pampu inajaza kitalu polepole. Maji yakifika kwenye mdomo wa bomba jembamba huanza kumwagikia ndani, yakiisukuma hewa iliyo chini ya kifuniko, mpaka ghafla mfyonzo unashika na kitalu kizima kinatiririka kurudi tangini kwa kelele. Maji yakishuka hadi kwenye matundu, hewa inaingia kwa mkoromo, mfyonzo unakatika, kujaa kunaanza upya. Hakuna saa wala vali, na umeme wote unaotumika ni ule wa pampu. Kila mzunguko mizizi inapata maji, kisha hewa, na bakteria kwenye kokoto wanapata oksijeni wasiyoweza kuishi bila hiyo.

Miaka ya 2000 ilipoleta ukame mrefu Australia, na mamlaka za maji zikazuia watu kumwagilia bustani kwa mpira, nyua za Perth na Brisbane zikawa maabara kubwa ya akwaponiki. Joel Malcolm wa Perth na Murray Hallam wa Queensland waliandika, wakafundisha, wakauza vifaa. Tangi lililotawala lilikuwa lile la plastiki la lita 1,000 lililozungushiwa kizimba cha chuma, linalotumika kubebea mafuta na kemikali: likikatwa sehemu ya juu, chini panakuwa tangi la samaki na juu panakuwa kitalu. Samaki walikuwa wa kienyeji, kama barramundi na sangara wa fedha, maana perege wetu huko Queensland ni samaki haramu. Akiingia mtoni huvamia. Wilson Lennard, katika utafiti wake Melbourne uliochapishwa mwaka 2006, alipanda saladi kwa njia tatu juu ya maji ya samaki wa aina moja: kokoto, vipande vinavyoelea, na mabomba yenye utando mwembamba wa maji. Kokoto ziliongoza, mabomba yakashika mkia. Mafundi wa uani walikuwa wameshaliona hilo.

Gaza ilikuja na sababu nyingine. Huko ardhi ilikuwa finyu, watu walisongamana na mapaa yalikuwa bapa. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, FAO ilifunga vitengo vidogo vya samaki na mboga juu ya mapaa ya familia maskini, nyingi zikiongozwa na wanawake. Ujuzi wa huko na kwingineko ulikusanywa katika kitabu kikubwa cha FAO cha mwaka 2014 kuhusu akwaponiki ndogo, nacho kinatolewa bure. Kiwango chake kwa mboga za majani ni gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita ya mraba, pungufu kidogo ya kile cha Rakocy.

Sasa twende kwenye hesabu ya nyumbani, maana Dar es Salaam, Nairobi na Kampala nako mafundi wanauza matangi haya. Kilo moja ya perege hula kati ya kilo 1.4 na 1.8 za chakula hadi kufika hapo. Chakula cha kununua ni ghali kwetu, na dagaa wanaosagwa humo ndio hao hao tunaowataka mezani. Umeme ukikatika na pampu kusimama, tangi lililosheheni samaki halina siku nzima. Uhai wao hupimwa kwa saa. Kwa mwenye shamba na mto karibu, sioni sababu ya kuingia gharama hizo. Achimbe bwawa, afuge sato, na maji ya bwawa amwagilie mchicha na sukuma wiki, kama McLarney alivyofanya. Perege hatahuzunika kwa kukosa sifoni.

Anayestahili tangi ni yule mwenye ua wa saruji, maji ya kununua kwa dumu, na betri au sola ya kushika pampu usiku. Huyo aanze na tangi moja la lita 1,000 na samaki wasiozidi kilo 20 watakapokuwa wakubwa. Wakila asilimia 1 ya uzito wao kwa siku ni gramu 200, zinazotosha mita 4 za mraba za mboga za majani. Na kabla ya kununua kifaranga hata mmoja, azungushe maji kwenye kokoto wiki 3 hadi 5, akitupia chakula kidogo cha samaki kioze humo, huku akipima amonia na nitriti. Zote mbili zikishuka hadi karibu na sifuri, ndipo aende kwa muuza vifaranga.